Jicho la Watu katika Rosa Mistika

Wahakiki wengi wa Rosa Mistika huuliza kama Rosa alikuwa mwovu au alionewa. Swali hilo ni jema, lakini lina upungufu: haliulizi Rosa mwenyewe aliuonaje mwili wake.

Kitabu hicho cha Euphrase Kezilahabi, kilichotolewa mwaka 1971 na kuzuiwa mashuleni kwa muda, chaanzia Ukerewe, chavuka maji hadi shule ya wasichana Mwanza, kisha chafika chuo cha ualimu Morogoro. Kokote aendako Rosa, mwili wake una bwana mwingine. Zakaria, babaye, aulinda kwa fimbo, wanaume wautamani, na mwisho Charles, mchumba wake, amkataa ajuapo kwamba si bikira. Rosa ajiua. Ni shida kuona mahali ajitazamapo kwa jicho lake mwenyewe.

Kitabu hakisimulii habari za kujinyima chakula, wala si haki kukitwika mzigo usio wake. Lakini chaonyesha mzizi wa maradhi hayo. Kijana aliyezoea kujiona kwa jicho la watu huifanya sahani kuwa mahakama: akila hujishtaki, asipokula hujisifu.

Leo, gatini Kamanga, wavukapo watu kati ya Mwanza na Sengerema, jicho hilo lina kauli mbili. Mzee humwambia binti, "Umenenepa," akikusudia sifa. Binti aliyezoea picha za simu husikia lawama. Akikonda, napo ana mashaka: baada ya Ukimwi kubainika Kagera mwaka 1983, kukonda kuliwatia watu wa Ziwa hofu na minong'ono kwa miaka mingi. Anenepe au akonde, hukumu i tayari.

Wala jambo hili si la Ziwa peke yake. Huko Fiji, televisheni ilifika Nadroga mwaka 1995. Wakati huo hapana msichana hata mmoja katika waliohojiwa aliyekiri kujitapisha ili apungue. Mwaka 1998 walikiri 11 katika kila 100. Jicho ndilo lililobadilika.

Basi mwalimu asomeshaye kitabu hiki asiishie kuwaonya wanafunzi wasiwe kama Rosa. Na awaulize ni nani aliyemfundisha kujitazama vile. Kisa chake ni onyo kwa watazamao kabla ya kuwa onyo kwa watazamwao.