Dhalili na Aliyedhalilishwa

Neno dhalili asili yake ni Kiarabu, na katika tungo za pwani limepata makao ya heshima. Mtunzi afunguapo utenzi kwa dua hujiita mja dhalili, wala hapana amchekaye, kwani amejishusha mwenyewe, tena mbele ya Mola wake. Unyenyekevu wa hiari haumpunguzii mtu kitu.

Taabu huanza neno litokapo katika dua likaingia katika masimulizi ya walioonewa. Hapo mtunzi huwaita watu hao dhalili akidhani amewahurumia, kumbe amemsitiri mwonevu. Dhalili ni sifa. Humganda mtu kana kwamba kazaliwa nayo. Kudhalilisha ni tendo, na tendo lina mtendaji.

Tofauti hiyo yaweza kupimwa Kwamsisi, huko Handeni, katika nchi ya Wazigua. Kutoka nchi hiyo, katika njaa ya miaka ya 1830, watu wengi walichukuliwa utumwani hadi kusini mwa Somalia. Mapokeo yao husimulia kwamba walihadaiwa kwa ahadi ya kazi na chakula. Baadhi walitoroka, wakajenga vijiji kandokando ya mto Juba. Lakini hata vizazi vilivyozaliwa huru viliendelea kuitwa adoon, yaani mtumwa.

Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia Tanzania. Walipokewa Handeni, kambini Mkuyu, na mwaka 2003 makazi ya Chogo yakafunguliwa kwa ajili yao; baadaye wengi wakapewa uraia. Walirudi na Kizigua vinywani mwao, na wenyeji wakasikilizana nao. Watu waliohifadhi lugha ya mababu kwa zaidi ya miaka 150, mbali na kwao, katikati ya dharau, walidhalilishwa, dhalili hawakuwa.

Lakini kitenzi nacho kina maficho yake. Atakayeandika kwamba Wazigua walidhalilishwa, akatia nukta, ameacha kazi nusu. Njaa haikuwauza. Waliuzwa na wafanyabiashara, wakapakiwa majahazini, katika pwani ambayo soko lake kuu la watumwa lilikuwa Unguja. Neno "na" likifuata kitenzi hicho hudai jina, na huenda jina hilo likatoka karibu na mlango wa mtunzi mwenyewe. Pengine ndiyo sababu tungo za visiwani zimeipenda mno sifa, zikakikimbia kitenzi.