Mpini laini au wa kukwaruza: bastola ya kubeba Nairobi

Mpini wa bastola una pande nne: mbele, ambako vidole vitatu hujikunja, nyuma, panapokaa kwenye kiganja, na mbavu mbili, kushoto na kulia. Risasi inapotoka, bastola husukuma nyuma na mdomo wake huinuka. Mzigo huo hubebwa zaidi na pande za mbele na nyuma, nazo mbavu huzuia silaha isizunguke mkononi. Ndiyo maana mpini hauchaguliwi kwa ujumla, laini wote au wa kukwaruza wote. Huchaguliwa upande kwa upande.

Raia wa Nairobi mwenye leseni ya Bodi ya Leseni za Silaha huibeba bastola yake kwa siri, kiunoni, chini ya shati au koti. Inakaa hapo akiwa ofisini katikati ya jiji, na inakaa hapo gari likikwama Waiyaki Way huku mkanda wa kiti ukiikandamiza. Saa nyingi mpini unagusana na nguo na ngozi. Mkononi ni dakika chache za mazoezi. Ubavu wenye meno makali humchubua mbebaji, hula bitana ya koti na kulinasa shati, na shati likinasa umbo la silaha hujichora waziwazi. Mpini laini huiacha nguo iteleze.

Lakini siku moja inaweza kubadilisha hesabu yote. Jumamosi ya tarehe 21 Septemba 2013, Abdul Haji, ambaye baadaye alikuja kuwa seneta wa Garissa, alikuwa Yaya Centre alipopata ujumbe wa ndugu yake aliyenaswa katika jumba la maduka la Westgate, lililokuwa limevamiwa na magaidi. Alikwenda na bastola aliyokuwa nayo, akaungana na polisi na raia wengine wenye silaha kuwatoa watu ndani ya jengo. Watu 67 waliuawa katika shambulio hilo. Aliyeingia mle hakupata nafasi ya kubadilisha chochote: mpini wa kubebea ndio uliokuwa mpini wa kupigania. Nairobi, iliyo juu mno kuliko Mombasa, haitoi jasho jingi mikononi, ila jasho la hofu halingoji jua, na mvua za masika hulowesha kiganja vilevile.

Ugumu wenyewe uko kwenye ubavu wa kushoto. Kwa mtu wa mkono wa kulia anayebeba kwenye nyonga ya kulia, ubavu huo ndio unaolala juu ya ngozi. Na ndio huohuo ambao kitako cha kiganja cha kushoto huukaba anapolenga kwa mikono miwili. Kuulainisha kabisa ni kuunyima mkono wa pili pa kushika. Afadhali kuuachia ukwaruzaji wa wastani, kuvaa fulana ndani, na kutumia ala yenye ukuta mrefu upande wa mwili. Ukali wote upelekwe mbele na nyuma.

Watengenezaji wa zamani walifanya kinyume. Browning Hi-Power ya 1935 ilikuwa na vibao vya mbavuni vilivyochongwa mistari inayokatana, huku mbele pakiachwa chuma kitupu. CZ 75, ya ukoo wa bastola ambazo Wakenya huziita Ceska, nayo ina chuma laini mbele. Toleo lake la SP-01 lililokuja baadaye ndilo lililoongezewa mistari mbele na nyuma. Uzuri wa CZ 75 ni kwamba kila kibao hushikwa na skrubu moja, hivyo mwenye nayo anaweza kuweka mbao laini, mpira au plastiki apendavyo.

Glock haina vibao, kwa kuwa mpini wake umemiminwa pamoja na fremu. Mwaka 2009 kampuni ilitoa mpini uliojaa vijiba vikali. Ulishika vizuri mno, lakini wabebaji walilalamikia ngozi na nguo zao, na kizazi cha nne cha 2010 kikaja na vijiba butu zaidi. Mwenye plastiki kali mno anaweza kupitisha msasa kidogo mahali panapogusa mwili tu. Kuchoma vidoti kwa chuma cha moto ili kuongeza ukali ni hatari zaidi, maana plastiki ikishayeyuka hairudi, na fremu ndiyo yenye namba ya silaha iliyo kwenye leseni.