"Ukaguzi" Katika Hati za Magari Yaliyotumika

Katika tafsiri za hati zinazofuatana na magari yaliyotumika kutoka Uingereza hadi bandari za Mombasa na Dar es Salaam, neno "ukaguzi" limebebeshwa mzigo usio wake. Upimaji wa lazima wa kila mwaka huitwa ukaguzi. Dalali akilitazama gari kabla ya kuliuza, huo nao ni ukaguzi. Na uchunguzi kabla ya kupakiwa melini vilevile. Mtu aliyedunduliza fedha za gari la familia husoma "limekaguliwa" akaelewa kuwa ni zima. Kitenzi hicho hakisemi hivyo. Kinasema tu kwamba kuna aliyeliangalia, matokeo hayamo.

Tuuchukue upimaji wa Uingereza unaoitwa MOT. Ulianza mwaka 1960 kwa magari yaliyotimiza miaka kumi, na tangu 1967 umri huo ni miaka mitatu (Ireland ya Kaskazini ni minne). Herufi hizo ni kifupisho cha jina la wizara ambalo halitumiki tena, kwa hiyo wanaoandika "cheti cha Wizara ya Uchukuzi" humpeleka msomaji kwenye mlango usiokuwapo. "Cheti cha upimaji wa gari, MOT" kingetosha. Nasema upimaji kwa kuwa nguvu za breki hupimwa, moshi hupimwa, na gari hufaulu au hushindwa.

Penye hatari zaidi ni daraja za kasoro. Tangu Mei 2018 ziko tatu: ndogo, kubwa na ya hatari. Gari lenye kasoro ndogo hufaulu. Zile mbili nyingine huliangusha. Pembeni huandikwa mambo ambayo bado si kasoro, lakini yanaelekea huko, kama tairi lililokaribia kwisha. Kuyaita haya "ushauri", kama ilivyozoeleka, ni kupotosha. Ushauri mtu huweza kuukataa kwa heshima. Tairi lililokwisha halimshauri mtu. Napendekeza "angalizo". "Tahadhari" lingekaribia kufaa, ila tahadhari huchukuliwa na msomaji, hali angalizo huandikwa na mpimaji.

"Historia ya ukaguzi" nayo iwe "kumbukumbu za upimaji", maana ndivyo zilivyo. Huko Uingereza yeyote mwenye namba ya gari huweza kuzisoma bila malipo katika intaneti: tarehe, matokeo, kasoro, na umbali uliosomwa siku ya kila upimaji. Umbali ukipungua kutoka mwaka mmoja hadi mwingine, mnunuzi ana haki ya kuuliza. Lakini umbali huo kwa kawaida ni wa maili. Mfasiri akiandika "kilomita 60,000" mahali pa maili 60,000, amelipunguzia gari mwendo wa zaidi ya kilomita 36,000 kwa kalamu yake, jambo ambalo hata mchezea dashibodi hulifanyia kazi zaidi.

Limebaki neno "hali". Hali ya cheti si hali ya gari, na mfasiri hana budi kutaja ipi anayoisema. Cheti huweza kuwa ndani ya miezi yake 12 na breki zikawa zimekwisha kuharibika tangu siku kilipotolewa. Tena upimaji wenyewe hauhusu hali ya injini, klachi wala giaboksi. Anayefasiri kwamba "gari zima limepimwa" ameongeza sehemu tatu ambazo mpimaji hakuzigusa, nazo ndizo ghali kuzitengeneza.