Kisu Kidogo cha Kitaluni

Kazi huanza na kokwa zilizotupwa. Msimu wa maembe ukipamba moto huko Makueni, katika Ukambani wa Kenya, kati ya Desemba na Machi, mama mwenye kitalu kando ya barabara inayoingia mjini Wote hukusanya kokwa za maembe ya kienyeji, yale madogo yenye nyuzi ambayo dalali hata hayatazami. Mwembe wa kienyeji umeuzoea ukame wa Ukambani, na mzizi wake huenda chini sana. Ndiyo sababu anautaka uwe shina la chini la miche yake yote. Hatua hii ya kokwa peke yake ndiyo anayoifanya kwa haraka. Mahindi yaliyokaushwa vizuri hungoja ghalani hadi mvua irudi, lakini kokwa ya embe ikikauka imekufa. Zikipita wiki chache tu, haioti tena.

Huziosha mpaka utelezi wote uishe, akazianika kivulini siku moja au mbili, kisha huketi kwenye kigoda na mkasi wa kupogolea. Wengi hupanda kokwa nzima, na ganda lake gumu. Yeye hukata ukingo wa ganda pale lilipo jembamba, huingiza ncha ya mkasi, huzungusha kiganja, na ganda hufunguka bila kiini kukwaruzwa hata kidogo. Kiini hukigeuza mwangani. Kikiwa na tundu la fukusi hukitupa. Kikiwa na doa la kuoza hukitupa, na kikiwa kimesinyaa vilevile. Lundo la vinavyotupwa si dogo, wala halisikitikii: kiini kibovu kingemlia maji, udongo na miezi mingi kabla ya kumfia.

Kiini cha embe kina mgongo na tumbo. Hukilaza kwenye tuta la mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza, mgongo juu, akakifunika kwa udongo mwepesi. Kikilazwa kinyume, mzizi na chipukizi hulazimika kuzunguka vikitafuta njia, na mche hutoka na shingo iliyopinda. Kasoro hiyo haina dawa. Mti utakaosimama miaka 40 au zaidi huamuliwa hapo, kwa jinsi mkono ulivyoweka kitu kidogo kwenye mchanga.

Baada ya wiki mbili au tatu majani ya kwanza hutokeza, laini, yenye rangi ya shaba. Kokwa moja ya kienyeji mara nyingi hutoa machipukizi mawili, matatu au zaidi, na karibu yote hufanana na mti mama, kwa sababu hayakutokana na chavua ya mti mwingine. Mama huyaacha yajionyeshe kwanza, kisha huchagua moja lililonyooka na lenye nguvu, na mengine huyang'oa. Miche iliyochaguliwa huhamishiwa kwenye mifuko myeusi ya nailoni iliyotobolewa chini, yenye udongo wa msituni, mchanga na samadi. Kisha ni kumwagilia, kupalilia na kungoja miezi kadhaa, chini ya neti ya kivuli. Katika nchi kavu kama hii, maji ndiyo gharama inayomuumiza kuliko zote.

Shina likifikia unene wa penseli, zamu ni ya kisu. Lakini kabla ya kisu kuna kikonyo, yaani kile kijiti cha mwembe bora kitakachobebeshwa juu ya shina la kienyeji. Makueni hupenda Apple, aina iliyotokea Pwani upande wa Malindi; hupenda pia Kent na Tommy Atkins zilizotoka Florida, na Ngowe ya Pwani, embe refu lenye ncha. Mama hachukui kijiti kwenye mti wowote tu unaoitwa Kent. Anayo miti yake anayoifahamu: imezaa misimu mfululizo, maembe yake yana ukubwa wa kupendeza, gome halina vidonda. Hutazama ncha za matawi zilizokomaa, ambazo vichomozo vyake vimeanza kuvimba lakini bado havijafunguka. Kichomozo kilicholala fofofo huchelewa kuamka, na kilichokwisha kufunguka hunyauka kabla hakijapata maji ya shina jipya.

Kisha hufanya jambo ambalo mwenye pupa hataki kulisikia. Hukata majani ya tawi alilolichagua, akaacha vishikio vifupi vya majani, halafu huenda zake. Tawi hubaki mtini siku saba hadi kumi. Katika siku hizo mti huelekeza chakula kwenye vichomozo. Akirudi, hugusa kishikio kimoja kwa ncha ya kidole. Kikidondoka chenyewe, wakati umefika. Kikishikilia, hurudi nyumbani mikono mitupu.

Vikonyo hukatwa asubuhi, jua likiwa bado halijakaza, urefu wa sentimita 10 hadi 15, na huviringishwa kwenye kitambaa chenye unyevu. Mama hukaa mahali ambapo upepo haumfikii. Kisu chake kimenolewa upande mmoja tu wa makali, na upande wa pili uko bapa kabisa. Bapa hilo ndilo linalofanya mkato ulale sawa. Hukipitisha kwenye kinoo hata kama jana kilikuwa kikali, hukipangusa kwa kitambaa chenye spiriti, na hurudia kukipangusa kila anapohama kutoka mti mmoja hadi mwingine, maana utomvu wa mwembe huganda kwenye chuma na ugonjwa husafiri nao.

Kwanza shina. Hulikata kwa mlalo, kama sentimita 20 juu ya udongo, halafu huweka makali katikati ya kisiki hicho chembamba na kukipasua kwenda chini sentimita tatu au nne. Hapigi wala hasukumi. Hukitikisa kisu kidogo kidogo, kidole gumba kikiwa kimetangulia upande wa pili kuzuia ufa usikimbie.

Kisha kikonyo. Hukishika ncha ikimwelekea yeye, huweka makali kwenye gome na kuuvuta mkono mzima, bega na kiwiko kwa pamoja, wala si kifundo peke yake. Mvuto mmoja, uso mmoja. Hukigeuza, huvuta tena, na upande wa pili unakuwa sawa na wa kwanza kwa urefu na kwa mteremko. Sasa kikonyo kina kabari mwishoni. Nimewaona vijana wanaojifunza wakilichonga kabari hilo kwa mikato mingi midogo. Kwa mbali kazi yao inafanana na yake. Lakini kila mahali kisu kiliposimama kimeacha tuta dogo, na chini ya kila tuta pana hewa. Hewa hukausha jeraha. Mama huinua kabari usawa wa jicho, akalilaza kwenye bapa la kisu na kutazama kama mwanga unapenya katikati. Ukipenya hata uzi mmoja, hukata upya. Kikonyo kikiwa kifupi mno kukatwa tena, hukiweka kando na kuchukua kingine, bila neno.

Mikato hiyo miwili haichukui hata dakika. Hata hivyo ndiyo kazi yenyewe, na sijui namna ya kuifupisha. Kati ya gome na mti kuna utando mwembamba wa kijani wenye unyevu, na ndiko mti unakokulia. Utando wa shina ukigusana na utando wa kikonyo, vitaungana. Usipogusana, hata vikifungwa kwa waya wa chuma vitakufa. Shina mara nyingi ni nene kuliko kikonyo, kwa hiyo haviwezi kukutana pande zote mbili. Mwanafunzi hukiweka kikonyo katikati, kwa sababu kinapendeza macho kikikaa hapo, na hapo hakigusani na chochote chenye uhai. Mama hukisogeza upande mmoja mpaka gome kwa gome vilingane, akauhakikisha mstari huo kwa ukucha. Upande wa pili huuacha wazi, wala haumtii wasiwasi.

Ukanda wa nailoni huanzia chini ya ufa na kupanda. Kila mzunguko hulalia nusu ya ule wa chini yake kama vigae vya paa, ili maji yatiririke nje yasiingie kwenye jeraha. Huuvuta hadi unyooke, si hadi ukate gome, na hufunga fundo juu ya kiungo. Halafu kikonyo chote huvishwa kifuko chembamba kinachopitisha mwanga, cha aina ile ambayo wauza barafu hutilia sharubati, ili unyevu ubaki ndani. Mche unarudishwa kivulini, na mwingine unachukuliwa.

Kwa wiki tatu au nne mama hagusi kitu zaidi ya maji. Wateja hupita, huinama, hutaka kufungua kifuko waone. Huwakataza kwa upole, hata wawe watu wazima kuliko yeye. Kikonyo kilichokubali hubaki kijani na vichomozo vyake hufunguka ndani ya kifuko; hapo ndipo kifuko huvuliwa, jioni na si mchana. Kilichokataa huwa cheusi kuanzia juu. Shina lake likiwa hai halitupwi: hukatwa chini kidogo na kujaribiwa upya. Machipukizi yanayotoka chini ya kiungo hunyofolewa kila yanapojitokeza, maana hayo ni ya kienyeji na yakiachwa yatamshinda mgeni. Ukanda wenyewe hukatwa baada ya miezi miwili au mitatu, kwa wembe, upande usio na mshono. Ukisahaulika, huikaba shingo ya mti unaonenepa.

Kutoka kitaluni hapo, mche huenda shambani na kuanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, wakati mwembe wa kokwa huweza kumngojesha mkulima miaka sita na zaidi. Na embe la mche huo litakuwa lile lile la mti mama uliotoa kikonyo. Kokwa ya Kent si kama ile ya kienyeji: ukiipanda, haikuahidi Kent. Kwa mlaji wa nyumbani hilo si neno. Kwa mji mdogo unaotaka kuishi kwa maembe, ni kila kitu. Mwenye lori hataki kujaza gari kwa embe la kila namna, na kiwanda hakiwezi kupanga kazi yake kwa matunda yenye utamu, nyuzi na majira tofauti.

Kaunti ya Makueni inalijua soko hilo kwa uchungu. Nzi wa matunda aliyegunduliwa nchini mwaka 2003 aliharibu mavuno kiasi kwamba mwaka 2014 Kenya ilijisimamishia yenyewe uuzaji wa maembe Ulaya. Wakulima wakafundishwa kutundika mitego, kuokota matunda yaliyoanguka na kuyafukia, na mwaka 2021 maembe yakaanza tena kwenda huko. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2017, kaunti ilifungua kiwanda chake cha kusindika matunda kule Kalamba, na maembe ambayo yangeoza chini ya miti yakapata mlango. Hizo ni hatua za kuheshimiwa. Lakini mtego hulinda embe lililopo tu, na kiwanda hukamua kinacholetwa. Aina ya embe na ubora wake viliamuliwa miaka minne au mitano nyuma, kwa mikato miwili ya kisu.

Ndiyo maana naamini mipango ya kuinua kilimo-biashara na miji kama Wote inapaswa kuanzia kitaluni. Jengo la kiwanda lina siku ya kuzinduliwa na watu wa kulipiga picha, kitalu hakina. Kinachohitajika kitaluni si kikubwa: tangi la maji, mkopo unaoweza kungoja miezi ambayo mche haujauzika, miti mama iliyothibitishwa, na mafunzo yanayompa kijana muda wa kuharibu vikonyo vingi hadi mkono wake utulie. Mama huyu anawafundisha wawili sasa. Huwakatisha matawi ya mwarobaini wiki baada ya wiki, bila kuwaruhusu kugusa mwembe, mpaka mkato wao upite mtihani wa mwanga.

Nawe msomaji, ukienda kununua mche wa mwembe, nenda kwenye kitalu kilichosajiliwa na uiname utazame. Tafuta kiungo: kiwe kimefumba, kimenyooka, bila ukanda uliozama kwenye gome. Uliza kikonyo kilitoka mti gani. Fundi wa kweli atakuonyesha. Ukifika shambani chimba shimo la sentimita 60 kila upande, panda mvua inapoanza, na hakikisha kiungo kinabaki juu ya udongo. Maua ya mwaka wa kwanza yaondoe. Na mche usio na kiungo unachoweza kukiona kwa macho yako, usiununue kwa bei yoyote.