Kisu cha ofisa Mjerumani: wanasoma chuma, wanaacha mtu

Kule Ulaya na Marekani kuna soko kubwa ya visu vya heshima, vile maofisa wa jeshi la Hitler walikuwa wanavaa kiunoni. Nimesoma maelezo mengi ya wauzaji, na kwa upande wa chuma niwape sifa yao. Wanajua alama za viwanda vya Solingen: Eickhorn, WKC, Puma na wengine. Wanajua kama mpini wa kisu cha jeshi la nchi kavu, kile cha 1935, unaweza kuwa mweupe, wa manjano ama wa rangi ya machungwa. Wanatambua ata vile viliunganishwa kisha vita na vipande vilivyobaki viwandani, juu askari Wamarekani walitaka kitu cha kupeleka nyumbani.

Sasa tafuta mtu mwenye alikivaa. Hakuna. Kila mkwaruzo umeandikwa, lakini alikuwa wapi mwaka 1941, kimya.

Tena kuna hadithi wanapenda: kisu cha SS njo kichafu, cha jeshi ni cha askari wa kawaida tu. Haiko vile. Angalia pale mpini unakutana na chuma: tai na svastika. Mwezi wa 8, 1934, askari waliapa kumtii Hitler yeye mwenyewe, kwa jina. Kisu kikafuata mwaka uliofuata, na maofisa walikinunua kwa pesa yao. Kuanzia 1995 taasisi moja ya utafiti ya Hamburg ilizungusha maonyesho juu ya uhalifu wa lile jeshi. Wajerumani walibishana kwa ukali, juu wengi walikuwa na baba ama babu ndani. Maelezo ya picha zingine yalikuwa na makosa, maonyesho yakasimamishwa 1999. Yalirudi 2001 yakiwa yamesahihishwa, na hoja kubwa ilibaki palepale.

Sisi watu wa kilimo tunafundishwa kuchimba shimo kabla ya kusema udongo ni wa namna gani. Hawa wanaangalia rangi ya juu.

Chukua kisu cha SA. SA haikuwa jeshi, lakini wakusanyaji ni walewale. Vingine vilichorwa maneno ya urafiki na jina la mkubwa wao, Ernst Röhm. Tarehe 30 mwezi wa 6, 1934, Hitler akamkamata, kesho yake wakamuua. Wenye visu wakaamriwa kufuta lile jina. Leo chenye jina zima njo cha bei kali. Mimi ningechukua kile kilichosuguliwa. Mtu aliketi, akasugua jina la mkubwa wake wa jana mpaka likapotea, kisha akarudisha kisu kiunoni na kuendelea kukivaa. Pale kwenye chuma kilichokwanguliwa unaona uoga na utii wake wazi kabisa, na sokoni wanakikata bei juu ya ile alama.