Roketi Inayoshuka kwa Ubavu

Chupa ya soda si sawa na chupa ya maji, na fundi huanzia hapo. Anazichukua moja moja kutoka kwenye gunia, anazibinya kwa dole gumba, anazielekeza kwenye mwanga kutafuta mkunjo au mkwaruzo. Ya maji ni nyembamba, imetengenezwa kubeba maji tu. Ya soda imetengenezwa kuzuia gesi: ikiwa haijafunguliwa, soda yenyewe huisukuma kwa nguvu inayozidi upepo wa tairi la gari dogo. Chupa yenye mkunjo hairudishwi kwenye rundo, hata ikiwa imenunuliwa jana. Siku niliyomtembelea alibakiza tatu, zote za lita moja na za soda ya aina moja, ili unene wake ulingane.

Kibanda chake kiko Kisugu, Kampala, upande ambao kilima kinashuka kuelekea Namuwongo na reli. Riziki yake ni baiskeli: kuziba tyubu, kunyoosha rimu, kukaza spoki. Roketi za maji, yaani chupa zinazoruka kwa hewa iliyobanwa inayosukuma maji nje, anazitengeneza jioni, wateja wakishapungua, na hii niliyokwenda kuitazama ni ya namna yake. Roketi za maji nyingi hushuka kwa mwavuli, au hurudi chini kwa kichwa na kupasuka. Hii haina mwavuli wala mtambo wowote wa kufunguka. Inapanda ikiwa imenyooka, na ikifika kileleni inalala na kushuka kwa ubavu. Kila kitu kinategemea mahali uzito wake ulipo, na kupata mahali hapo ndiyo kazi yenyewe.

Kwanza mwili. Chupa tatu zinaungwa kwa kufuatana, shingo zote zikitazama chini, ili hewa ipite kutoka ya juu hadi ya chini kabisa. Kitako cha chupa ya soda kina matuta matano, na katikati yake pana kitone kigumu ambapo plastiki ni nene kuliko sehemu nyingine za kitako. Fundi anatoboa hapo hapo. Anaanza na keekee nyembamba, anaizungusha kwa mkono bila haraka, kisha anapanua tundu kwa tupa ya mviringo, akipuliza vumbi na kupima kila mara. Kifuniko cha chupa inayofuata nacho kinatobolewa katikati. Vitu hivyo viwili vinashikwa pamoja na kibomba kifupi cha shaba chenye nyuzi, kile kinachoshikilia holda ya balbu kwenye taa ya mezani, pamoja na nati mbili na washa za mpira alizozikata kwenye tyubu kuukuu.

Nati moja inakaa ndani ya chupa, kwenye kitako, na njia pekee ya kuifikia ni shingo. Hapo niliona mikono ya mtu aliyezoea kazi. Ametengeneza spana yake mwenyewe: kipande kirefu cha bomba jembamba, ncha yake imegongwa mpaka ikapata pembe sita. Aliipachika nati kwenye ncha kwa grisi kidogo isidondoke, akaipitisha shingoni, akafumba macho. Alikuwa anasikiliza kwa vidole. Nati iliposhika nyuzi, alizungusha mpaka washa ya mpira ikaanza kuvimba pembeni, akaacha. "Ukikaza zaidi, ssebo, mpira unakimbia," aliniambia. Mpira uliobanwa kupita kiasi huteleza kutoka mahali pake, na hewa ikapata njia.

Kazi ya kuunga vyombo vinavyofanana ili kupata roketi ina historia katika ukanda wetu. Tarehe 17 Mei 1977, kampuni ya OTRAG ya Mjerumani Lutz Kayser ilirusha roketi yake ya kwanza kutoka Shaba, yaani Katanga, nchini Zaire. Wazo la Kayser lilikuwa kufunga pamoja mabomba mengi rahisi, yote ya aina moja, badala ya kuunda mashine moja ya gharama kubwa, na vali za mafuta zilifunguliwa kwa mota za waipa za magari. Siasa za mataifa makubwa ziliuondoa mradi huo Zaire mwaka 1979. Nilipomsimulia fundi habari za mota za waipa, aliinua kichwa kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akauliza zilikuwa za gari gani. Sikuwa na jibu. Aliinama tena.

Baada ya viungo, mkia. Roketi nyingi huwa na mapezi matatu au manne. Yeye anaweka pete. Aliikata kwenye chupa ya lita mbili, sehemu yake iliyonyooka, kwa wembe uliofuata ukanda wa karatasi aliouzungusha ili mstari usipinde. Pete hii ni pana kuliko mwili, na inakaa nyuma ikishikwa na mbavu nne za plastiki. Nilidhani fundi baiskeli angetumia spoki. Alikataa: kila gramu inayoongezwa mkiani hudai gramu nyingine puani, na roketi nzito haiendi mbali. Mbavu zilifungwa kwa utepe tu, kwa kuwa solushoni ya tyubu haishiki plastiki hii, na gundi ya moto huilegeza chupa mahali inapotakiwa kuwa na nguvu. Chupa zinazobeba hewa hazipigwi msasa wala kutiwa moto. Katika hili hana mjadala.

Sasa uzito. Roketi inapopanda na pua mbele, upepo hukutana zaidi na ile pete, kwa hiyo mahali upepo unaposukumia pako nyuma sana, karibu na mkia. Roketi hiyo hiyo ikilala, upepo husukuma ubavu wote, na mahali pale pa kusukumia husogea mbele kuelekea katikati ya mwili. Uzito ukikaa kati ya sehemu hizo mbili, roketi itanyooka ikipanda na kutulia kwa ubavu ikishuka. Ukisogea mbele mno, inarudi chini kwa kichwa. Ukisogea nyuma mno, inapinduka hewani ingali inapanda. Katika roketi hii yenye urefu wa karibu mita moja, nafasi inayofaa ni upana wa vidole vichache.

Anaitafuta kwa gololi za beringi kuukuu. Ndani ya pua, ambayo ni nusu ya mpira laini wa watoto uliojazwa sponji, ameacha mfuko mdogo wa gololi. Anatia chache, anaining'iniza roketi kwa uzi mahali inapokaa sawa kama mizani, anatia alama ya kalamu. Kisha anatoka barabarani na kuizungusha juu ya kichwa chake kwa ule uzi, polepole, halafu kasi. Pua ikitangulia, mtihani wa kwanza umepita. Mtihani wa pili ni wa kijana wake wa kazi, aliyepanda ghorofa ya jirani na kuiachia kutoka roshani, ikiwa imelala, kisha pua chini, kisha mkia chini. Mara ya kwanza ilichomoka kwa kichwa. Fundi alitoa gololi mbili, akafunga pua upya, akaning'iniza tena, akatia alama mpya, akazungusha tena, akampandisha kijana tena. Kazi iliendelea hivyo mpaka giza likaingia, na sikumwona hata mara moja akitoa gololi tatu ili afike haraka. Kwangu mimi hapo ndipo ufundi wake ulipo. Kutoboa na kukaza wengi wanaweza kujifunza kwa wiki moja. Kubadilisha kitu kimoja tu kila mara na kukipima mpaka mwisho, wengi wetu hatuna moyo huo.

Kabla ya kurusha kuna jaribio la usalama. Roketi inajazwa maji pomoni, bila nafasi ya hewa, kisha inasukumiwa upepo mpaka geji isome paundi 100. Maji hayabanwi kirahisi, hivyo chupa ikishindwa hupasuka bila kishindo kikubwa. Hewa tupu ingerusha vipande. Alikausha viungo kwa kitambaa, akapitisha kidole kavu kila mahali, akasubiri. Roketi iliyopita hapo hairushwi kwa zaidi ya paundi 70.

Uganda imekuwa na watu wenye hamu ya kurusha vyombo angani kwa muda. Mwaka 2011 Chris Nsamba na wenzake wa African Space Research Program walionekana Ntinda, uani kwa mama yake, wakiunda ndege waliyoiita African Skyhawk. Tarehe 7 Novemba 2022 satelaiti ya kwanza ya nchi, PearlAfricaSat-1, ilirushwa kutoka Virginia, Marekani, baada ya wahandisi watatu wa Uganda kuiunda katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani. Fundi anazijua habari zote mbili. Hazungumzii anga za juu, anazungumzia washa.

Tulikwenda uwanjani alfajiri, kabla ya upepo na kabla ya wachezaji. Chombo cha kurushia ni bomba la plastiki lililosimama, lenye oringi inayoziba shingo ya chupa, na vikanda vya kufungia nyaya vinavyoshika ukingo wa shingo mpaka kola ya plastiki inayovibana ivutwe chini kwa kamba. Bomba linaingia ndani kabisa ya chupa ya chini, kwa sababu mwanzoni maji yako mkiani, uzito uko nyuma, na roketi inahitaji kuongozwa hatua ya kwanza. Alitia maji kiasi cha robo ya ujazo wote. Mpira wa hewa ulikuwa mrefu, pampu iko mbali, kila mmoja alivaa miwani.

Alivuta kamba. Maji yote yalitoka kwa kishindo kimoja na roketi ilikuwa juu tayari, imenyooka, pete yake ikimetameta. Ilipunguza mwendo, ikasimama, ikainamisha pua kidogo kana kwamba itachomoka chini, kisha ikalala. Ilishuka hivyo hivyo, ubavu mzima ukikanyaga hewa, ikiyumba kidogo kushoto na kulia, ikagusa nyasi na kubiringika. Haikuvunjika hata ubavu mmoja wa pete.

Fundi hakushangilia. Aliiokota, akakagua viungo, akachora mstari mdogo wa kalamu kwenye chupa ya chini. Kila mruko ni mstari, kwa kuwa plastiki huchoka hata kama haionyeshi, na mistari ikifika kumi chupa zote tatu zinakatwa na kazi inaanza upya.

Walimu wa fizikia wa Kampala, wapelekeni wanafunzi wenu kwa mafundi wa namna hii. Waone nati inavyofungwa ndani ya chupa, waone gololi mbili zinavyobadilisha mruko mzima, na waizungushe roketi wenyewe kwa uzi kabla ya kusoma kanuni ubaoni. Shule nazo ziwalipe mafundi hawa saa zao, kama zinavyomlipa mwalimu yeyote.