Sikio la Fundi: Kuzitambua Kelele za Pikipiki Kuukuu

Hapa Msasani, Tukuyu, cheni haidumu. Mvua ya Rungwe inapita milimita 2,000 kwa mwaka, udongo wa volkano umejaa chembe ngumu, na tambarare ni chache: ama unapanda na mikungu ya ndizi nyuma, ama unashuka. Maji yanaosha mafuta ya cheni, chembe zinabaki zikisaga. Pikipiki ikishakula miaka kadhaa katika hali hiyo hupiga kelele za kila namna, na fundi anayejua kuzipambanua ana thamani kubwa kuliko mwenye duka zima la spea.

Fundi mbovu utamjua mapema. Hujamaliza kueleza, tayari ameinama anafungua kava ya cheni. Fundi wa kweli anauliza kwanza: "Kaka, inalia ukipanda au ukishuka? Ukibana klachi inaendelea?" Kisha anaomba funguo aende nayo kidogo mwenyewe. Anataka kujua inalia lini kabla ya kutafuta inalia wapi, kwa sababu chuma kinasafirisha sauti. Kinachogonga kwenye habu ya nyuma unaweza kuapa kiko chini ya tangi.

Milima yetu inamsaidia. Ukipanda, injini ndiyo inayolivuta gurudumu. Ukishuka umeachia mafuta, gurudumu ndilo linaloizungusha injini, na mzigo unahamia upande wa pili wa meno ya gia na sproketi. Jino lililoliwa upande mmoja hulia zaidi mzigo ukiwa upande huo. Ule mlio mmoja mzito wa "ko!" unaosikika ukiachia mafuta na kuyavuta tena una washukiwa watatu: cheni iliyolegea, raba za habu zilizokwisha, au sproketi ndogo inayocheza kwenye shafti yake. Kuwatenganisha hakuhitaji kufungua kitu kikubwa. Fundi anaitikisa sproketi ndogo kwa vidole. Halafu anasimamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, anaingiza gia, anasukuma gurudumu mbele na nyuma huku macho yakiwa kwenye sproketi kubwa. Gurudumu likisogea kabla ya sproketi, raba zimekwisha.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni mdundo. Chukua pikipiki yenye meno 14 mbele, 42 nyuma na cheni ya pingili 116. Gurudumu likizunguka mara moja, sproketi ndogo imezunguka mara 3, lakini cheni inahitaji karibu mizunguko 3 ya gurudumu kukamilisha mzunguko wake. Basi isukume pikipiki polepole na usikilize. Mlio mmoja kwa kila mzunguko wa gurudumu unatoka kwenye gurudumu lenyewe au sproketi kubwa. Milio mitatu, sproketi ndogo. Mlio unaokuja mara moja kila baada ya mizunguko karibu mitatu ni pingili iliyoganda, na ukiitazama cheni ikipita chini utaiona imejikunja, haitaki kunyooka. Fundi anayehesabu hivyo mwachie pikipiki yako ukanywe chai.

Kelele za injini ni somo jingine. Ikinguruma taratibu kwenye nyutro huku inagongagonga, na mlio ukabadilika ukibana klachi, tafuta kwenye klachi au beringi ya shafti ya gia. Mlio wa haraka juu ya injini ni wa tapeti, au wa cheni ya taimingi. Hapa kuna mtego mzuri wa kumpimia fundi. Pikipiki nyingi za Kichina zina injini ya muundo wa Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976, ambayo valvu zake zinasukumwa na vijiti. Cheni ya taimingi haimo kabisa. Pikipiki ya Boxer inayo. Anayekuambia kuhusu CG kwamba "taimingi cheni imelegea" hajui anachokishika.

Mwaga oili ya injini kwenye chombo safi na upitishe sumaku. Vumbi laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyong'aa kama magamba ya samaki maana yake kuna jino au beringi inayokatika, na hapo hakuna cha kubahatisha: injini ifunguliwe.

Kosa linaloniuma ni kunyamazisha kelele kwa kukaza cheni mpaka inalia kama uzi wa gitaa. Cheni haichakai sawasawa, ina sehemu iliyobana na iliyolegea. Ipimwe mahali inapobana zaidi, na ibaki na mchezo wa milimita 20 hadi 30. Ikikazwa kupita hapo inakula beringi ya shafti ya gia, na hiyo ni gharama kubwa mara nyingi kuliko cheni. Pima pia urefu: pingili 20 za cheni mpya ya saizi 428 ni milimita 254. Zikifika 259, nunua seti nzima, cheni na sproketi zote mbili, maana sproketi zilizochakaa zitaimaliza cheni mpya haraka.

Cheni inayolia kidogo unaweza kuivumilia mpaka mwisho wa wiki. Mvumo unaokua na mwendo, usiokoma hata ukibana klachi, huenda ukawa beringi ya gurudumu, hasa gurudumu likicheza ukilitikisa kushoto na kulia. Huo haungoji. Usiteremke nao Kyela, na abiria usimpakie.